Wadudu vamizi wa miti ya mjini

Wadudu vamizi wa miti ya mjini ni wadudu waliotoka nchi au bara lingine, wakaingia mahali ambapo hawakuwapo zamani na kudhuru miti iliyopandwa kando ya barabara, sokoni, shuleni, hospitalini, penye nyumba za ibada na katika nyua za watu. Si kila mdudu mgeni ni mvamizi. Wengi wanaofika mahali papya hufa bila kuonekana, na wengine huishi bila kuleta hasara. Mvamizi ni yule anayezaliana kwa wingi, anayeenea mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, na anayeleta madhara.

Tangu miaka ya 1980 Afrika Mashariki imepata wavamizi kadhaa wa miti. Wanaojulikana zaidi ni kidukari wa sipresi, chawa wa mlusina na nyigu wa mkaratusi. Historia yao inaonyesha kwamba mti mkubwa uliokwisha kuvamiwa ni vigumu kuuokoa kwa bomba la dawa. Miti ya mji hulindwa mapema, kwa kuzuia mdudu asiingie, kupanda miti ya aina nyingi, kukagua mara kwa mara na kutunza maadui wa asili wa wadudu.

Umuhimu wa miti ya mjini

Katika maeneo makavu kivuli si pambo. Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, una kiangazi kirefu kinachoanza mwezi Juni. Katika miji ya Bariadi na Maswa, na katika vituo vidogo kama vile vya kata ya Binza wilayani Maswa, chini ya mti ndipo pa kuuzia bidhaa, kufanyia mkutano, kusubiri usafiri na kupumzikia wagonjwa na wanaowauguza. Miti hupunguza joto la nyumba za bati, huzuia vumbi na upepo, na hutoa matunda, dawa na kuni.

Sehemu kubwa ya miti ya kivuli katika miji ya Afrika Mashariki ni ya asili ya mbali. Mwarobaini (Azadirachta indica) na mwembe (Mangifera indica) vilitoka Asia ya Kusini, mjohoro (Senna siamea) Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, mlusina (Leucaena leucocephala) Meksiko na Amerika ya Kati, mkaratusi (Eucalyptus) Australia, na mjakaranda (Jacaranda mimosifolia) Amerika Kusini. Ilipendwa kwa sababu inakua haraka, inavumilia ukame, na mingine hailiwi sana na mbuzi. Mara nyingi ilistawi pia kwa sababu wadudu wake walibaki kwao. Mdudu wa kwao anapoufuata mti ugenini, faida hiyo hupotea ghafla.

Sababu za uvamizi kufanikiwa

Kwanza, mdudu anapovuka bahari huwaacha nyuma maadui zake: nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wake, bungo wanaomla na kuvu zinazomwambukiza. Kule kwao idadi yake huzuiwa na maadui hao. Ugenini hakuna wa kumzuia.

Pili, miti ya mjini hupandwa kwa wingi wa aina moja. Barabara nzima huweza kuwa na miarobaini mitupu, tena kutoka mbegu za miti michache iliyo ndugu. Mdudu akipata mti mmoja wa kumfaa amepata yote.

Tatu, miti mingi ya mjini haina afya. Mizizi imefunikwa kwa saruji na lami, matawi hukatwa ovyo chini ya nyaya za umeme, shina hupigiliwa misumari ya mabango, na magome hubanduliwa kwa ajili ya dawa. Mti uliodhoofika hutoa utomvu mdogo wa kujikinga, na wadudu wanaotoboa shina huuingia kwa urahisi.

Njia za kuingia

Wadudu wa miti husafiri hasa pamoja na mizigo ya watu. Miche ya bustanini hubeba mayai na tunutu (wadudu wachanga). Mbao mbichi, kuni na magogo hubeba mabuu ndani yake. Makreti na vibao vya kupakilia mizigo vimesambaza wadudu watobozi duniani kote, na ndiyo sababu mwaka 2002 ulipitishwa utaratibu wa kimataifa unaojulikana kama ISPM 15. Kwa njia yake kuu, mbao hizo hupashwa joto mpaka sehemu ya ndani ifikie sentigredi 56 kwa muda wa dakika 30, kisha hupigwa muhuri. Wadudu wadogo wenye mabawa huchukuliwa pia na upepo, na wengine hujibanza katika magari na ndege.

Wakulima wa Tanzania ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wanaijua hadithi hii kwa upande wa nafaka. Dumuzi (Prostephanus truncatus), ambaye wengi walimwita Skania, ni mdudu wa Meksiko na Amerika ya Kati aliyeonekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Inaaminika aliletwa na shehena ya mahindi. Kwa asili dumuzi ni mtoboa mbao, na mpaka leo huweza kuishi katika miti mikavu porini mbali na ghala. Kutoka Tabora alienea katika sehemu kubwa ya Afrika.

Wavamizi wa miti katika Afrika Mashariki

Kidukari wa sipresi

Kidukari huyu (Cinara cupressivora) alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990. Mwanzoni alidhaniwa kuwa spishi nyingine, Cinara cupressi, hadi wataalamu walipomtofautisha mwaka 1999. Hukaa kwa makundi kwenye vijitawi na kufyonza utomvu. Mate yake yana sumu, kwa hiyo majani hugeuka rangi ya kahawia na tawi hukauka. Katika Afrika majike huzaa bila dume, na kundi huongezeka upesi sana.

Sipresi ya Meksiko (Cupressus lusitanica) ilikuwa imepandwa katika mashamba ya serikali, na katika nyanda za juu za Kenya watu waliitumia kuwa ua wa nyumba, shule na makanisa. Nyua nyingi zilikauka. Mdudu alishambulia pia mtarakwa (Juniperus procera), ambao ni mti wa asili wa Afrika Mashariki, na mseda wa Mulanje nchini Malawi. Katika miaka ya 1990 nyigu mdogo wa kidusia, Pauesia juniperorum, aliletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa ili kumpunguza.

Chawa wa mlusina

Mlusina ulisifiwa katika miaka ya 1970 na 1980 kuwa mti wa maajabu: hukua haraka, hurutubisha udongo kwa naitrojeni, hutoa malisho, kuni na kivuli. Mkoani Shinyanga, uliokuwa na wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986 ili kurudisha miti katika nchi iliyokwisha kuwa tupu. Mlusina ukawa miongoni mwa miti iliyojaribiwa huko.

Chawa wa mlusina (Heteropsylla cubana) ni mdudu wa Amerika ya kitropiki mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Hafanani na chawa wa kichwani. Alifika Hawaii mwaka 1984, akavuka Pasifiki na kuenea Asia ndani ya miaka michache, akaonekana Réunion na Morisi mwaka 1991, na mwaka 1992 akafika Kenya na Tanzania. Jike hutaga mayai kwenye majani machanga ambayo hayajafunguka, na kizazi kimoja hukamilika kwa majuma mawili hivi. Tunutu hufyonza ncha za matawi mpaka zinanyauka na majani kupukutika.

Mara nyingi mti haufi. Hata hivyo, ukipoteza majani machanga mara kwa mara hudumaa, na malisho na kuni hupungua sana. Katikati ya miaka ya 1990 nyigu wa kidusia wawili, Tamarixia leucaenae na Psyllaephagus yaseeni, waliachiliwa katika Afrika Mashariki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walifuatilia maendeleo yao. Njia nyingine iliyosaidia ni kupanda ndugu za mlusina zinazomvumilia mdudu huyo, kama Leucaena diversifolia na Leucaena pallida.

Nyigu wa mkaratusi

Nyigu huyu (Leptocybe invasa) ana urefu wa zaidi kidogo ya milimita moja. Alionekana katika nchi za Mediteranea na Mashariki ya Kati mwaka 2000, na mwaka 2002 alikwisha kufika Kenya na Uganda, kabla wanasayansi hawajampa jina mwaka 2004. Asili yake ni Australia. Jike hutaga ndani ya mshipa mkuu na kikonyo cha jani changa, na hapo hutokea vinundu vinavyopinda jani. Miche ya kitaluni na miti michanga ndiyo huumia zaidi. Maadui zake walitafutwa huko Australia, na wawili kati yao ni Quadrastichus mendeli na Selitrichodes neseri. Huyo wa pili aliachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012.

Mifano kutoka nchi nyingine

Mwarobaini husifiwa kwamba hauliwi na wadudu, kwani mbegu zake hutengenezwa dawa ya kuulia wadudu. Sifa hiyo ina mpaka. Katika miaka ya 1980 miarobaini ya nchi zinazozunguka Ziwa Chad ilishambuliwa na kidugamba Aonidiella orientalis, mdudu mwenye asili ya Asia anayejibandika kwenye majani na matawi kama gamba dogo na kufyonza utomvu. Huko, kama ilivyo Simiyu, mwarobaini ndio mti mkuu wa kivuli katika miji mingi.

Togo ilipata mfano wenye matumaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miembe yake ilijaa vidung'ata (Rastrococcus invadens), wadudu wenye unga mweupe kama pamba, kutoka Asia ya Kusini. Miembe ya mijini iligeuka myeusi kwa masizi, ikaacha kuzaa, na watu wakaanza kuikata. Mwaka 1987 aliachiliwa nyigu wa kidusia kutoka India, Gyranusoidea tebygi. Vidung'ata walipungua sana, na miembe mingi ikarudia hali yake.

Nchini Afrika Kusini mwaka 2017 iligunduliwa kwamba miti ya bustani ya mimea ya Pietermaritzburg imetobolewa na Euwallacea fornicatus, mdudu wa milimita 2 hivi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mdudu huyu hali mbao. Hupanda ndani yake kuvu ya kulisha watoto wake, na kuvu hiyo huziba mishipa ya maji ya mti. Ameenea katika miji kama Johannesburg na George, na husafirishwa hasa na kuni na magogo ya miti iliyokatwa.

Marekani ilijifunza mara mbili. Miti ya elmu iliyopamba mitaa ya miji yake iliangamizwa katika karne ya 20 na ugonjwa wa kuvu unaobebwa na mende watobozi. Mahali pake miji mingi ilipanda miti ya jenasi Fraxinus, tena kwa safu ndefu. Mwaka 2002 mdudu wa kijani kutoka Asia, Agrilus planipennis, alitambuliwa karibu na mji wa Detroit, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Kosa la kwanza lilirudiwa kwa jina lingine.

Dalili

Ukaguzi hauhitaji chombo cha gharama. Dalili kuu ni hizi:
- Majani machanga kujikunja, kunyauka au kuwa na vinundu.
- Maji matamu yanayonata chini ya mti, juu ya viti, mapaa au magari, na baadaye masizi meusi juu ya majani. Haya huletwa na wadudu wafyonzao, kama vidukari, vidugamba na vidung'ata.
- Sisimizi wengi wanaopanda na kushuka shina. Hufuata maji hayo matamu, na huwafukuza maadui wa wadudu hao.
- Vitundu vidogo kama vya ncha ya kalamu kwenye gome, unga wa mbao au utomvu unaochuruzika.
- Matawi yanayokauka kuanzia juu wakati miti ya jirani bado ni mibichi.

Kiangazi mjohoro au mwarobaini huweza kupukutisha baadhi ya majani kwa sababu ya ukame tu. Kwa hiyo dalili hutazamwa vizuri zaidi majuma machache baada ya mvua kuanza, miti inapochipua. Wakati huo ndipo wafyonzaji wengi huongezeka.

Udhibiti

Kupanda miti ya aina nyingi

Mwaka 1990 mtaalamu wa miti Frank Santamour wa Marekani alipendekeza kanuni rahisi kwa miji: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Miji michache hufikia kiwango hicho, lakini hesabu yenyewe inafundisha. Wanafunzi wakihesabu miti 100 kutoka shuleni hadi sokoni na kukuta 60 ni miarobaini, maana yake mdudu mmoja anaweza kuondoa zaidi ya nusu ya kivuli cha njia hiyo.

Kuchanganya si kukata miti iliyopo. Ni kuchagua tofauti kila nafasi mpya inapopatikana. Miti ya asili kama mkwaju, mkuyu na migunga inastahili nafasi. Hukua polepole kuliko mlusina, lakini imeishi na wadudu wa nchi hii kwa muda mrefu pamoja na maadui wao. Hata hivyo, kisa cha mtarakwa kinaonyesha kwamba mti wa asili nao hauna kinga kamili dhidi ya mgeni.

Usafi wa miche na kuni

Miche hukaguliwa kabla ya kutolewa kitaluni, hasa upande wa chini wa majani na kwenye vikonyo. Mche wenye vinundu au wadudu huteketezwa, haugawiwi bure kwa sababu tu ni mbovu. Matawi na magogo ya mti uliovamiwa na watobozi hayasafirishwi kwenda kijiji kingine kuwa kuni. Hutumiwa papo hapo, huchomwa, au hukatwa vipande vidogo na kufunikwa kwa plastiki juani.

Dawa za kuua wadudu

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini Tanzania, na katika nyumba nyingi hupatikana bomba na mabaki ya dawa ya pamba. Kuitumia dawa hiyo kwenye mti wa uani ni hatari na mara nyingi haifai kitu. Bomba la mgongoni halifiki kilele cha mwembe mkubwa. Dawa hurudi chini pamoja na upepo juu ya watoto, vyombo, kuku na maji ya kisima, na mabuu walio ndani ya shina au ndani ya vinundu hawafikiwi. Pia huua nyuki na nyigu wa kidusia, na mdudu mbaya hurudi kwa wingi zaidi.

Katika nchi tajiri baadhi ya miti yenye thamani kubwa hudungwa dawa shinani na mafundi, lakini gharama yake ni kubwa na hurudiwa kila baada ya miaka michache. Kwa mche au mti mfupi inatosha kukata ncha zilizovamiwa, au kunyunyizia maji ya sabuni ama maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa.

Udhibiti wa kibiolojia

Hii ni njia ya kumleta adui wa asili kutoka alikotoka mdudu. Mfano wa zamani barani Afrika ni wa fukusi wa mkaratusi (Gonipterus), aliyeonekana Afrika Kusini mwaka 1916. Mwaka 1926 aliletwa kutoka Australia nyigu Anaphes nitens, ambaye hutaga ndani ya mayai ya fukusi huyo, na madhara yakapungua sana.

Faida yake kwa miji ni kwamba nyigu humfuata mdudu mpaka kilele cha mti, bila bomba na bila malipo ya kila mwaka. Lakini huchukua miaka, hakimwondoi kabisa mdudu, na kazi hii ni ya taasisi za utafiti peke yake. Kabla ya kuachiliwa, nyigu hupimwa katika karantini kuhakikisha hatashambulia viumbe wengine. Wananchi husaidia kwa kutopuliza dawa ovyo na kwa kuacha mimea yenye maua inayowapa nyigu chakula.

Taasisi na nafasi ya jamii

Nchini Tanzania utafiti wa miti hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI), iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye makao makuu Morogoro. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) husimamia misitu ya serikali. Karantini ya mimea na viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nchini Kenya kazi kama hizo hufanywa na KEFRI kwa misitu na KEPHIS kwa afya ya mimea.

Taasisi hizi haziwezi kuutazama kila mti. Anayeona dalili kwanza ni mwenye duka, mwalimu, mama lishe au dereva wa bodaboda anayekaa chini ya mti huo kila siku. Taarifa yake humfikia mtaalamu kwa njia ya ofisa ugani au ofisa misitu wa wilaya, ikiambatana na picha, jina la mti, mahali na tarehe. Wadudu wenyewe huwekwa katika chupa ndogo yenye spiriti, kwa kuwa wakisafirishwa hai wanaweza kutoroka na kuenea.

Wasukuma wana mfano wao wa zamani wa kulinda miti kwa makubaliano. Ngitili ni eneo la malisho na miti linalofungwa kwa msimu, na dagashida, yaani mkutano mkuu wa kijadi, huweka kanuni na faini kwa anayezivunja. HASHI ilifanikiwa hasa ilipojengwa juu ya desturi hiyo. Hakuna kinachozuia mtaa wa mjini kukubaliana vivyo hivyo juu ya miti yake: nani anakagua, nani anapanda, na magogo ya mti mgonjwa yaende wapi.

Mti wa kivuli huhitaji miaka kumi au zaidi kufikia ukubwa wake. Mdudu anaweza kuuharibu kwa misimu miwili. Kwa sababu hiyo mji unaosubiri miti yake ikauke ndipo upande mingine hukaa juani kwa kizazi kizima cha wanafunzi.

Tazama pia

- Mwarobaini
- Mlusina
- Mkaratusi
- Kidukari
- Dumuzi
- Ngitili
- Mkoa wa Simiyu